Kwa unayeanza kazi masjala: jalada lipatikane hata usipokuwepo

Mdogo wangu uliyepangiwa masjala, hongera. Watakuwepo wa kukuambia umetupwa kwenye makaratasi; usiwasikilize. Mtumishi anapostaafu, mafao yake yanategemea barua ya ajira na barua za kupandishwa cheo zilizomo kwenye jalada lake binafsi. Barua moja ikikosekana, mzee wa watu ndiye atakayehangaika na nauli, ofisi hadi ofisi, akiomba nakala ya barua ya mwaka 1989.

Mimi masjala naipima kwa swali moja: ukiwa likizo, mwenzako analipata jalada bila kukupigia simu? Kama hawezi, mpangilio uko kichwani mwako, kabatini haujafika.

Anza na folio, yaani namba ya kila karatasi ndani ya jalada. Karatasi ikiingia kwenye jalada, ipe namba inayofuata, juu kulia, papo hapo, kabla haijatoka mkononi mwako. Ng'oa pini na klipu kwanza, hasa ukiwa Dar, Tanga au Mtwara, kwa sababu unyevu wa pwani unaleta kutu na kutu inakula karatasi. Toboa, funga kwa tagi, andika. Folio zikikaribia 100, funga jalada hilo na ufungue jingine lenye namba ile ile, uliandike "Vol. II". Na ukikuta folio 14 imefuatiwa na 16, usinyamaze. Angalia daftari la kuazimisha ujue nani alilichukua jalada mara ya mwisho, umfuate leo, angali anakumbuka.

Daftari hilo halina mkubwa. Jalada linalotoka liandikwe jina la anayelichukua, tarehe na saini, hata kama ni mkuu wa idara mwenyewe ana haraka. "Shikamoo bosi, naomba niliandike kwanza" inatosha. Sijaona anayekasirikia hilo.

Kwenye kompyuta watu hulegea, eti kuna sehemu ya kutafuta. Barua iliyotumwa kwa WhatsApp huingia na jina kama DOC-20240311-WA0004. Mwezi ukipita, nani atajua ni ya nini? Ibadilishe jina siku hiyo hiyo: 2024-03-11_barua_ukarabati-bweni. Mwaka utangulie, kwa kuwa kompyuta hupanga majina kuanzia kushoto. Ukianza na siku, tarehe 2 Agosti itakaa juu ya tarehe 3 Januari. Rasimu zipe v1, v2, v3. Mafaili yanayoitwa "mwisho" na "mwisho kabisa" yamewafanya watu wasaini mkataba usio wenyewe.

Folda nazo zifuate namba zile zile za majalada ya kabatini. Hili nalisisitiza kuliko yote. Ofisi yenye mpangilio mmoja wa karatasi na mwingine wa kompyuta hutafuta kila kitu mara mbili.

Nakala za ziada zisizo na maelezo yoyote ya mkono, punguza baada ya kuzilinganisha na ya jaladani. Kumbukumbu yenyewe ya umma usiichane wala kuichoma kwa uamuzi wako: Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inataka kibali. Andaa orodha, ipitishe kwa mkuu wako, na maboksi yakae yamebandikwa lebo, juu ya rafu, mbali na mchwa na maji ya mvua, mpaka kibali kitoke.