Dizeli ya jenereta haiingii pamoja na umeme wa gridi

Je, katika hesabu ya gesi joto (gesi zinazoongeza joto duniani) za kampuni, dizeli ya jenereta ijumlishwe na umeme wa gridi? Hapana, msizijumlishe. Dizeli mnayochoma kwenye jenereta yenu ni Skopu 1, yaani gesi mnazotoa wenyewe moja kwa moja, kwa sababu moshi unatoka kwenye mtambo mnaouendesha wenyewe. Umeme wa kununua ndio Skopu 2, yaani gesi za nishati mnayonunua, maana gesi joto zake zinatoka kwenye kituo cha mzalishaji. Mgawanyo huu ni wa GHG Protocol, mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu gesi joto, na IFRS S2, kiwango cha kimataifa cha kampuni kuripoti masuala ya tabianchi, inaufuata.

Kwa hesabu, lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Kwa hiyo lita 1,000 ni kama tani 2.7. Wengi hushtuka, kwani lita yenyewe haifiki hata kilo moja kwa uzito, lakini kaboni ikiungua huungana na oksijeni ya hewani, na hapo ndipo uzito unapoongezeka. Chukueni lita kutoka stakabadhi za mafuta, si kukisia kwa saa za kuwasha. Mimi ndiye huandaa hesabu hizi kazini, na makisio ya saa ndiyo hutuangusha kila mkaguzi anapofika.

Ila kama jenereta ni ya mwenye jengo, anaiendesha yeye na kuwatoza umeme, kwenu inabaki Skopu 2. Na gesi za kuchimba, kusafisha na kusafirisha hiyo dizeli kabla haijawafikia ni Skopu 3, yaani gesi zinazotoka kwa wengine katika mnyororo wenu wa biashara, kundi la tatu kati ya makundi yake 15.