Uhuru wa Mezani

Kalenga, Iringa

Mwanangu,

Kamwene. Ujumbe wako niliusoma jana jioni nikiwa kibarazani, nikaurudia mara mbili. Unasema mlikuwa mnakula mchana na wenzako wa kazini huko Nairobi, mmoja akawa anasimulia habari za babu yake aliyelala msituni na Mau Mau, kisha akakugeukia wewe: "Nyinyi Watanganyika uhuru wenu ulikuwa wa mezani." Watu wakacheka, ukacheka na wewe, ukakosa la kujibu. Sasa unaniuliza: Baba, ni kweli sisi hatukumwaga damu? Na kama ni kweli, kila Desemba 9 tunasherehekea nini?

Ningekupigia, lakini simu yako haimalizi dakika tano bila mtu kukuita. Nimeona niandike.

Kwanza huyo mwenzako usimkasirikie. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, bendera ya Uingereza ilishushwa Dar es Salaam bila risasi kulia. Mume wa Malkia alikuwepo, gavana Turnbull alikuwepo, Mwalimu Nyerere alikuwepo, taa zikazimwa, zilipowashwa bendera ilikuwa yetu. Huko Kilimanjaro Luteni Alexander Nyirenda akasimika mwenge kileleni. Mtu akiutazama usiku ule peke yake, ataona mambo yalimalizwa kwa karatasi na kalamu, na hatakuwa amekosea sana.

Ila wewe ni mtu wa mpira. Ushindi wa mezani hupewa timu wakati wenzao hawakutokea uwanjani, au walivunja kanuni. Hapa kila mtu alitokea. Sisi tulitokea miaka 70 kabla ya kipenga cha mwisho.

Ulipokuwa unasoma Dar, basi lilipita Lugalo mara ngapi nawe umelala mdomo wazi? Pale ndipo, Agosti 17, 1891, Mjerumani Emil von Zelewski alipoingia na kikosi chake chenye bunduki na mizinga. Watu walikuwa wamembatiza jina la Nyundo. Watu wa Mkwawa, Mtwa (yaani mtawala) wetu sisi Wahehe, walikuwa wamejilaza kwenye nyasi na mawe, mikuki mkononi. Yaliyotokea yalichukua muda ambao mama yako angekuwa bado anasonga ugali. Nyundo akafa pale pale na kikosi chake karibu chote. Na kwetu walikufa wengi pia, hilo wasimuliaji hulipita haraka. Ile kambi ya jeshi ya Dar uliyokuwa unaipita kwenda Mwenge haikuokota jina lake barabarani.

Walirudi. Oktoba 30, 1894, waliingia hapa Kalenga baada ya kuipiga ngome kwa mizinga. Mtwa akakaa porini miaka karibu minne, akihama kutoka pango hadi pango, watu wakimpelekea chakula na wakiadhibiwa kwa kumpelekea. Julai 19, 1898, huko Mlambalasi, alipoona wamemfikia, akajipiga risasi. Wakamkata kichwa. Fuvu likaenda Ujerumani.

Ulikuwa darasa la tano nilipokupeleka makumbusho kuliona. Unakumbuka? Uliweka pua kwenye kioo mpaka kikaingia ukungu, ukakifuta kwa mkono wa sweta la shule, ukaniuliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Baba, mbona kichwa chenyewe kidogo?" Nilikuvuta sikio. Leo ningekuacha.

Fuvu hilo, mwanangu, liliandikwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246. Dunia nzima imetoka vitani, wakubwa wanagawana nchi, na katikati ya hayo wanaandika kwamba Ujerumani iwape Waingereza fuvu la Mkwawa ndani ya miezi 6. Miezi hiyo 6 ikawa miaka 35. Juni 19, 1954, gavana Twining alilileta mwenyewe Kalenga na kumkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, yule yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu miaka mingi. Babu yako alikuwepo. Alisema kilichomshangaza si gavana na kofia yake ya manyoya, bali wazee waliolia bila kutoa sauti, wanaume ambao yeye hakuwahi kuwaona wakilia hata msibani.

Siku 18 baadaye, Julai 7, TANU, chama cha Mwalimu kilichodai uhuru, ikazaliwa Dar es Salaam.

Sisemi moja lilizaa lingine. Waliokaa kuunda TANU walikuwa na mambo yao, walitoka kwenye chama cha zamani cha TAA na shida za miaka mingi. Lakini katika nyumba hii ilihesabiwa hivyo: mwaka kichwa kiliporudi ndio mwaka wa TANU. Bibi yako hakujua kusoma, na hata umri wangu aliuhesabu kuanzia hapo.

Sasa nikwambie upande ambao hukuwahi kunisikia nikiusema, maana wewe ni Mhehe kwa upande mmoja tu. Mama yako ni Mbena wa Njombe. Vita ya Majimaji dhidi ya Wajerumani ilipowaka 1905, ikaanzia Umatumbi na kusambaa kusini, Wabena waliingia. Septemba mwaka ule waliivamia misheni ya Yakobi, wakiamini maji ya dawa yatazigeuza risasi. Hayakuzigeuza. Halafu Wajerumani wakafanya walilofanya kila mahali: wakachoma vijiji, wakachoma vihenge, wakaiacha njaa imalizie kazi. Huko Songea, Februari 27, 1906, walinyonga wazee wa Kingoni kwa makumi siku moja, na Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wao wa vita, hakupona katika mauaji hayo.

Na sisi Wahehe? Mashujaa wa Lugalo? Hatukuingia. Wengine wetu walifuatana na Kapteni Nigmann kutoka Iringa kwenda kuikomboa boma ya Mahenge, upande wa Mjerumani. Miaka 7 tu baada ya Mlambalasi! Nilipokwenda kuposa, mzee mmoja wa ukoo wa mama yako aliniuliza, mbele ya washenga wangu, kama nimekuja na mkuki au na bunduki ya Mdachi, yaani Mjerumani. Kila mtu alicheka isipokuwa yeye. Mahari ilipanda siku hiyo, nadhani.

Namjua Mhehe atakayekwambia watu walikuwa wamechoka, ardhi imechinjwa, vijana wamekwisha. Ni kweli. Lakini wa Njombe nao walikuwa na watoto.

Na ukitaka kumjibu Mkenya wako kwa haki, umwambie na hili: wakati babu yake yuko msituni, Waingereza walipeleka huko askari wa Keya, jeshi lao la Waafrika (King's African Rifles), na miongoni mwao vilikuwamo vikosi vya Tanganyika. Inawezekana kabisa aliyemwinda babu yake aliongea Kiswahili cha huku. Mwambie wewe kabla hajakwambia yeye.

Ndiyo maana sipendi neno hilo la mezani, na wala sipendi tukijisifu kwamba sisi ni watu wa amani kwa asili. Amani gani ya asili? Wazee wa 1954 walikuwa watoto wa watu walioona vihenge vikiungua. Walijua bei. Tena mazingira yetu hayakuwa ya Kenya: Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, walowezi wachache, kwa hiyo palikuwa na mlango wa kugonga. Mwalimu akaenda kuugonga New York Machi 1955, kwa nauli iliyochangwa, na mwezi huo huo akaacha kazi ya ualimu Pugu.

Kuna jambo moja la enzi hizo ambalo ninyi vijana mngelirusha mitandaoni mkiita usaliti. Serikali ilileta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na ili upige kura uwe na elimu au kipato cha kiwango fulani. Ilikuwa dharau tupu. Kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, wengi walitaka kususia. Mwalimu akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu akakasirika, akatoka, akaanzisha chama chake. TANU ikaingia kwenye dharau ile na kushinda nayo, na 1960 ikachukua viti 70 kati ya 71. Mimi, kwa tabia yangu, ningeondoka na Mtemvu. Ningekuwa nimekosea.

Bibi yako kura hizo hakupiga. Hakuwa na elimu wala kipato. Alichokuwa nacho ni kadi ya TANU. Iko hapa, kwenye kopo la biskuti pamoja na hati ya shamba, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imekuwa matundu, na alama ya dole gumba iliyopauka kama chai. Alikuwa akiificha kwenye pipa la ulezi. Ada aliilipa kwa kuuza ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na babu yako alijua baadaye sana.

Siku yenyewe naikumbuka kidogo, nilikuwa na miaka 6. Kulikuwa na mvua. Kuna nyama, na nyama kwetu haikuwa ya kila wiki. Nilipewa mtogwa kwenye kibuyu, ulanzi wa asubuhi ambao bado mtamu, nikanywa mpaka tumbo likauma, nikatapika kwenye kibendera changu cha karatasi. Bibi yako alikiosha. Kilikuwa cha karatasi lakini alikiosha, kikaisha mikononi mwake, akabaki anatazama ile rangi ya kijani kwenye vidole.

Hayo ya kusherehekea uliyoniuliza sina jibu la jukwaani. Magwaride ya Uwanja wa Samora nimesimama juani mengi tu, na mwaka ambao sherehe imefutwa tukaambiwa tufanye usafi, nilifagia bila kinyongo. Ninachokumbuka mimi Desemba ikifika ni kijana mmoja wa Zimbabwe. Nilikuwa utingo wa lori la mahindi, miaka ya sabini, na huku Kilolo kulikuwa na Mgagao, kambi ya wapigania uhuru wao. Tulimpa lifti. Viatu vikubwa kuliko miguu, Kiswahili cha kuokoteza. Hakuzungumzia vita hata kidogo. Aliniuliza mvua zetu huanza lini. Nikamwambia Novemba, mwishoni. Akasema hata kwao ni Novemba, mama yake sasa atakuwa anatafuta mtu wa kumlimia. Tukafika, akashuka, akagonga bodi ya lori mara mbili. Nchi yake ilipata uhuru Aprili 18, 1980. Kama alifika, sijui.

Njoo Desemba, na huyo Mkenya uje naye. Tutampeleka Lugalo, halafu makumbusho, na usimvute sikio akiuliza swali. Ulanzi utakuwa umeanza kugemwa. Mama yako anasema uje na ile dawa ya macho, na mkifika Dodoma mpige simu ili achinje kuku mapema.

Ni mimi baba yako