Kwa nini namba hii inakomea kwenye tarakimu ya 25?

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, naishi Mwanjelwa, Mbeya. Mwalimu wetu wa hisabati alituandikia ubaoni namba 3608528850368400786036725, akasema kwamba tarakimu zake mbili za kwanza zinagawanyika kwa 2 bila baki, tatu za kwanza kwa 3, nne za kwanza kwa 4, na kuendelea hivyo hadi zote 25 kwa 25. Je, ni kweli hakuna namba ndefu kuliko hiyo yenye sifa hii? Sababu ni nini?

JIBU: Marahaba. Ni kweli, na sababu yake inapendeza kuliko namba yenyewe.

Hakiki kwanza mwanzo wake: 360 kwa 3 ni 120, 3608 kwa 4 ni 902, na 3608528 kwa 7 ni 515504 kamili. Sasa jiulize namba kama hii inajengwaje. Kila unapotaka kuirefusha una tarakimu 10 tu za kujaribu, kuanzia 0 hadi 9, na kwa kuwa kati ya namba 7 zinazofuatana lazima moja igawanyike kwa 7, huwezi kukwama unapotafuta tarakimu ya saba. Vivyo hivyo hadi ya kumi, ambayo daima ni 0. Kuanzia ya kumi na moja mambo yanageuka, kwa sababu namba 10 zinazofuatana si lazima ziwe na hata moja inayogawanyika kwa 11, na kadiri kigawanyo kinavyokua ndivyo zinazokwama zinavyoongezeka.

Hesabu zenyewe zinaonyesha hivyo. Ukiacha sifuri, zipo 9 zenye tarakimu moja na 45 zenye tarakimu mbili. Zinaongezeka hadi kufikia 2492 kwenye tarakimu ya tisa, na 2492 zilezile kwenye ya kumi, kwa kuwa kila moja inapokea 0 yake na kuendelea. Kisha zinapungua: zenye tarakimu 20 ni 44, zenye 24 ni 3, na yenye 25 ni moja tu, hiyo mliyoandikiwa ubaoni. Hapa hakuna kubahatisha, maana kila njia inafuatwa hadi inapokwama, kazi ambayo kompyuta huimaliza upesi.

Hatua ya mwisho mnaweza kuithibitisha wenyewe kwa kugawanya kwa mkono, kwani kikokotoo cha kawaida hakina nafasi ya tarakimu nyingi hivyo. Ongezeni 0 mwishoni mwa namba hiyo, kisha gawanyeni kwa 26: mtabakiwa na 12. Ili igawanyike kamili ingebidi mahali pa hiyo 0 pawekwe 14, na 14 si tarakimu moja.