Kipeo juu ya kipeo: kwa nini (x³)² ni x⁶ wala si x⁵

Mkuu mleta mada, umeuliza mbona (x³)² inaleta x⁶ ilhali x³ × x² inaleta x⁵. Swali hilo lilinitesa kidato cha pili, enzi hizo naishi Igoma, Mwanza, na chanzo chake nakikumbuka vizuri. Mfano wa kwanza tuliopewa ubaoni ulikuwa (5²)² = 5⁴. Nikajiaminisha kwamba vipeo, zile namba ndogo za juu, vinajumlishwa, maana 2 + 2 ni 4. Kumbe 2 × 2 nayo ni 4! Mfano huo ni sahihi, ila unaficha kile hasa mwanafunzi anachotakiwa kukiona. Unayemfundisha mdogo wako, usianze nao kabisa.

Aliyenifungua ni kaka yangu, wakati huo akipakia dagaa soko la Mwaloni pale Kirumba. Aliniuliza: kwenye lori kuna safu mbili, kila safu ina magunia matatu, mzigo mzima ni magunia mangapi? Nikasema sita bila kufikiri. Akasema basi andika hiyo hesabu yako kwa urefu.

x³ ni x·x·x. Ile 2 iliyo nje ya mabano inakuambia uchukue kila kilichomo ndani ukizidishe chenyewe kwa chenyewe, yaani (x·x·x)(x·x·x). Hesabu x kwa kidole: sita. Mafungu mawili ya tatu-tatu. Lakini x³ × x² ni fungu la x tatu limewekwa pamoja na fungu la x mbili, kwa hiyo tano. Ukitaka uhakika weka namba: (2³)² ni 8², yaani 64, na 2⁶ ni 64. 2⁵ ni 32 tu.

Sisi wa Mwanza tuna mfano mkubwa mbele ya macho. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba kama 68,800. Kilomita moja ni mita 10³, kwa hiyo kilomita moja ya mraba ni (10³)², sawa na mita za mraba 10⁶, milioni moja. Anayejumlisha vipeo anapata 10⁵, laki moja, na hapo ziwa lote limebaki sehemu moja ya kumi. Kwa ujazo ni vilevile: kilomita moja ya ujazo ni (10³)³, mita za ujazo 10⁹.

Sasa mahali wengi wanapopoteza alama hata baada ya kuelewa haya: (2x³)². Wanaandika 2x⁶. Ile 2 ya ndani nayo imo kwenye mabano, lazima izidishwe pia, jibu ni 4x⁶. Na tahadhari, hii inafaa pale vilivyomo ndani vinazidishana. (x + 3)² si x² + 9; weka x = 1 uone, upande mmoja unapata 16, mwingine 10.

Kipeo hasi hakibadilishi sheria hii, vipeo bado vinazidishwa: (x³)⁻² ni x⁻⁶.

Mpe mdogo wako (3x²y)³, aandike mabano yote matatu kwa urefu kabla ya kugusa sheria yoyote. Akileta 27x⁶y³, mpe nyingine ngumu zaidi. Akileta 9x⁵y³, rudini kwenye magunia.