Re: Nifunge YouTube na Facebook kwa biro?

Kaka, umeuliza kama ufunge yote pale biro yenu Himbi, hapa Goma, juu vijana wanaangalia mechi na series na net ya kazi. Usifunge yote! Watabaki na telefone chini ya meza, na yule anatumaga faktire kwa WhatsApp utakuwa umemukatia kazi bure.

Penye inauma ni video. Netflix ikiwa HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa moja, sasa watu watatu wakifungua pamoja saa nne asubuhi, mama wa kontabilite anayetuma rapoti Kinshasa anabaki kuangalia tu kale kaduara kanazunguka, na huyo ndiye watamugombeza kama rapoti imechelewa, kweli hiyo ni kuonea mutu. Ingia kwa ruta (kale kamashine kanagawa net) upunguze spidi ya video saa za kazi, saa sita mpaka saa saba uache wazi wapumzike.

Na ukitaka kuchungulia nani anafungua nini, waambie KWANZA, kwa karatasi, wasaini. Mahakama ya Ulaya ya haki za binadamu ilimupa haki mfanyakazi mmoja wa Romania mwaka 2017, boss alisoma meseji zake za binafsi bila kumuonya vizuri. Si sheria ya kwetu lakini mimi naikubali kabisa.

Ruta yenu ni ya aina gani? Zingine hazina hiyo reglaje.