Baiskeli ya mtumba ya shokapu moja au mpya ya shokapu mbili?

Kwa bajeti ndogo chukua ya mtumba yenye shokapu ya mbele tu. Kwenye baiskeli mpya za bei ya chini, shokapu ya nyuma huongeza uzito, na maungio yake hulegea mapema hadi gurudumu linayumba. Ila kagua kabla ya kulipa. Pima cheni kwa rula ya inchi: weka sifuri katikati ya pini, alama ya 12 ikiangukia katikati ya pini nyingine, cheni ni nzima. Pini ikipita kwa 1/8 ya inchi, mara nyingi meno ya gia nayo yameshaliwa, punguza bei. Toa gurudumu la nyuma, zungusha ekseli kwa vidole: ncha ikichora duara, imepinda. Fremu yenye ufa shingoni iache kabisa, hata ikiwa imechomelewa.