Mkono wa kikombe umebanduka, bakuli limepasuka motoni

Mdogo wangu wa Lindi, unasema katika kazi zako za kwanza za ufinyanzi darasani mkono wa kikombe ulibanduka kikiwa kinakauka, kisha bakuli likapasuka motoni kwa kishindo. Pole sana. Anayekwambia huna mkono wa kufinyanga usimsikilize.

Udongo husinyaa unapokauka. Ukibandika mkono mbichi kwenye kikombe kilichokwisha kukaza, kila kimoja husinyaa kwa kasi yake na kiungo huachia. Viunganishe vikiwa na unyevu sawa. Chanja pande zote mbili kwa njiti, mikwaruzo ikatane, pakaa uji mzito wa udongo uleule, bana, kisha zungushia kamba nyembamba ya udongo na uilainishe kwa kidole mpaka usione mshono. Funika kwa kipande cha nailoni, uweke kivulini. Ule upepo wa baharini mchana hukausha ukingo kabla ya kitako, na ufa huanzia hapo.

Bakuli lilipasuliwa na maji yaliyobaki ndani. Yakifika nyuzi 100 huwa mvuke, nao ukikosa njia huvunja ukuta. Unene usizidi kidole chako kidogo. Kabla ya kuchoma, ligusishe shavuni. Likiwa la baridi, bado. Mimi chungu changu cha kwanza nilikiharakisha, na kilikuwa zawadi ya mama. Naumia mpaka leo.

Vigae usitupe. Vitwange, chekecha, changanya kidogo na udongo mpya: hautasinyaa sana.